Kasoro za Gemu ya Mkononi

Mwaka ule cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka la vitambaa, Shinyanga mjini, mtaa unaoshuka stesheni. Duka lilikuwa la familia ya Kihindi iliyokuwepo hapo tangu reli ikiwa ngeni. Barazani nilikaa bure kwa sharti moja tu: mteja akishanunua kitambaa ndani, akitoka nje asimkute fundi amelala. Sikuwahi kulala hata siku moja. Nilikuwa naota nikiwa macho, na hilo halikuwemo kwenye sharti.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimetoka kwetu Masumbwe na cheti cha darasa la saba, cherehani ya kurithi kwa mama mdogo, na mawazo mengi. Mwenye duka sote tulimwita Tajiri. Alikaa kaunta kutwa nzima na uso wa mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Lakini duka, ukweli wake, lilikuwa la mama yake, ambaye mji mzima ulimwita Bibi. Bibi alizaliwa Shinyanga, akaolewa Shinyanga, akafiwa na mume Shinyanga. Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu, maana mimi ni Msumbwa. Wakulima wa pamba wakiingia asubuhi aliwawahi na salamu ya "Mwangaluka!" kabla hawajavua kofia, na wakishaitikia tu, wameshashikwa.

Katika duka lile jora la kitambaa lilifunguliwa kuanzia penye kasoro. Hiyo ilikuwa sheria ya Bibi. Kama kuna doa, au uzi umerukwa, au rangi imechujuka pembeni, mteja anaoneshwa hapo kwanza. "Taja kasoro," aliniambia, "halafu nyamaza. Uzuri una mdomo wake." Tajiri hakuipenda sheria hiyo, lakini aliifuata, kwa sababu mama yake alikuwa anasikiliza kutoka chumba cha nyuma.

Chumba hicho cha nyuma ndicho kilikuwa na televisheni, na kwenye televisheni kulikuwa na mashine ya gemu aliyoiacha mjukuu alipokwenda kufanya kazi Dubai. Siku ya kwanza niliingia kupima mapazia. Nikamkuta Bibi, miaka sabini na kitu, sari imepandishwa kidogo magotini, vidole vyote kwenye kishikio, hajageuka hata kuniangalia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Shika hii, mchuzi unaungua. Usimwache akafa."

Nikashika. Akafa. Bibi alirudi na mwiko mkononi, akatazama kioo, akanitazama mimi, akasema mapazia yanaweza kusubiri, kwanza nijifunze kuruka.

Gemu yenyewe ni hivi. Kuna mtu mdogo mwenye mzigo kichwani. Anatoka kushoto anakwenda kulia, na hana safari nyingine. Njiani kuna mashimo, vyura, nungunungu, kunguru na ngazi. Unamrusha juu ya hatari, unaokota maboga, mwisho unafika kwenye nyumba. Maandishi ya kwenye boksi yalikuwa ya kigeni, hatukuyajua, kwa hiyo tulimwita Mchukuzi. Njia zilikuwa sita. Tulizimaliza zote siku moja ya mvua, mimi na Bibi tukipokezana, na ndani ya ile nyumba ya mwisho akatoka mwanamke, akampokea mzigo, akauweka chini. Muziki ukapigwa. Basi. Bibi aliangalia kwa muda, akasema, "Hata asante hakusema." Kesho yake tukaanza upya.

Kuanzia hapo kila mchana duka likifungwa kwa chakula, nilikuwa naingia. Nilianza kuamini kwamba mahali fulani duniani kuna mtu ameajiriwa kupanga mashimo. Anakaa kwenye meza, anasema: hapa shimo, pale nungunungu, hapa mwacheni apumzike kidogo. Niliitaka kazi hiyo kwa moyo wangu wote. Nilimwambia mjomba alipopita kutoka machimboni. Mjomba alikuwa amechimba dhahabu nusu ya maisha yake, na aliniambia kwamba kwetu mashimo hayapangwi na mtu, na kwamba niendelee na cherehani.

Halafu katika mwezi mmoja mambo mawili yakatokea. Kwanza, mgao wa umeme. Ulikatika siku mbili, ukarudi kwa hasira, ukaunguza mashine ya gemu na kuiacha televisheni. Pili, Bibi aliteleza kwenye ngazi ya uani akiwa amebeba bakuli la mtindi, akavunjika nyonga. Walimpeleka Mwanza, akawekewa chuma, akarudi. Mfupa ulikuwa unaunga vizuri. Yeye ndiye aliyekataa. Alilala ubavu ameelekea ukutani, penye kalenda ya mwaka uliopita, na hakutaka kukaa, wala kusimama, wala kugeuka.

Daktari alikuja akasema mbele yetu sote: "Asipoinuka, kifua kitajaa na miguu itakakamaa. Wiki tatu, nne, basi. Baada ya hapo dawa sina." Akaacha kile chuma chenye miguu minne cha kutembelea. Wakawa wanaanikia taulo juu yake.

Ndipo kifurushi kikafika kutoka Dubai. Ndani kulikuwa na gemu ya mkononi, rangi ya majivu, nene kama mche wa sabuni uliokatwa kati, yenye kioo chake humo humo na betri nne ndogo mgongoni. Na kaseti iliyochomekwa ilikuwa ya Mchukuzi. Picha yake kwenye karatasi ilikuwa ile ile, mzigo kichwani.

Tajiri alimpelekea mama yake kitandani mbio mbio. Nilikuwa mlangoni. Bibi aliipokea kwa mkono wa nyuma bila kugeuka, akaipima uzito, akairudisha.

"Hii ndogo. Ni uongo."

"Mama, ni ile ile. Mjukuu wako kaandika."

"Mjukuu wangu anauza simu. Fundi yuko wapi?"

"Nipo, mayu." Nilikuwa namwita mayu, mama, kama Wasukuma wanavyomwita mtu mzima wanayempenda.

"Ng'wanawane, mwanangu. Kaa nayo siku tatu. Halafu uje uniambie kasoro. Kama siyo ile, mniache na ukuta wangu. Ukuta haujawahi kunidanganya."

Nilitoka nayo mikono miwili, kama mtu aliyebeba maziwa. Tajiri akanifuata mpaka barazani.

"Fundi. Utasema nzuri."

"Kama ni nzuri, Tajiri."

"Fundi, nisikilize. Utasema nzuri."

"Na akiuliza kasoro?"

Aliangalia barabarani. "Sema kifuniko cha betri kinabana," alisema, akaingia ndani kupanga majora ambayo yalikuwa yamepangwa.

Nilielewa. Lakini pia nilimjua Bibi. Mtu aliyekaa miaka hamsini akitafuta uzi uliorukwa kwenye jora la mita thelathini, ukimpelekea uongo ataukuta kabla hujamaliza kuutandaza. Na akiukuta, hatageuka tena kutoka ukutani.

Siku ya kwanza nilikaa barazani, jua limenimulika mabegani, nikacheza. Mpaka saa sita nilikuwa na huzuni.

Rangi hakuna. Kwenye televisheni maboga yalikuwa ya njano na nungunungu weusi. Humu wote wana rangi moja, rangi ya mchicha uliochemshwa jana. Nilimkimbilia nungunungu mara kadhaa kwa furaha, nikidhani ni boga. Halafu kioo ni kidogo, kinakuonesha nusu ya njia. Kwenye televisheni ulikuwa unaliona shimo likiwa mbali, una muda wa kuvuta pumzi. Humu shimo linaingia bila hodi, na ukiliona ujue umo ndani. Muziki nao, ile ngoma nzito ya njia ya pili iliyokuwa inatetemesha vikombe vya Bibi kabatini, imebaki kama mbu kwenye chupa. Na njia ya nne, ile ya ziwa, haipo kabisa. Unamaliza ya tatu unajikuta kwenye ya tano, kama mtoto aliyerushwa darasa kwa sababu baba yake anamjua mwalimu mkuu.

Niliandika yote hayo kwa penseli, nyuma ya karatasi ya kukatia gauni.

Mteja mmoja alisimama akaniangalia, akauliza kama duka limefungwa. Nikamwambia liko wazi, mimi ndiye niliyefungwa.

Lakini jioni jioni, njia ya kwanza, kwenye lile shimo pana ambalo Bibi alikuwa analiita mdomo wa mkwe, niliruka bila kufikiri. Kidole gumba kikafanya chenyewe. Na Mchukuzi akapanda, na pale juu kabisa akasita, vile vile alivyokuwa anasita, nukta moja tu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau nyumbani, halafu akashuka upande wa pili miguu imekutana. Nikarudia. Ukibonyeza kidogo anaruka kidogo, ukishikilia anakaa hewani na wewe. Ilikuwa ile ile. Wamemvua nguo, wamemnyang'anya ziwa na ngoma, lakini mwendo wamemwachia. Nikageuza karatasi, nikaandika upande wa pili: *Kuruka ni kule kule.* Sikuwa na la kuongeza hapo.

Siku ya pili nilikuwa na safari ya Maganzo, kupeleka magauni ya mke wa broka wa almasi. Gemu nilikwenda nayo kwa sababu siku zilikuwa tatu na sikutaka kupoteza moja. Pale nyumbani yule mama alichukua magauni akaingia ndani kujaribu, mimi nikaachwa barazani na mumewe, mtu mnene mwenye lenzi shingoni, na wachimbaji wawili waliokuwa wanasubiri biashara.

"Fundi, hicho ni nini? Redio?"

"Gemu, mzee. Nimepewa niikague."

Neno kukagua likamfurahisha. Maganzo kila mtu ni mkaguzi. Akanyoosha mkono, nami ningemnyima vipi, nimekaa kwenye kiti chake? Nikampa, nikamwelekeza vitufe.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Anapeleka mzigo nyumbani."

"Na hili shimo?"

"Unaruka."

"Naruka bila kuangalia ndani?"

"Ndiyo, mzee. Ukiingia unakufa."

Aliniangalia kwa huruma. Halafu akamtembeza Mchukuzi taratibu, heshima zote, mpaka ukingoni, akamteremsha. Mchukuzi akafa.

"Labda hakufika chini," alisema, akamteremsha tena.

Wachimbaji walikuwa wamesogea, mmoja kila bega.

"Ulimpeleka kwa pupa," alisema wa kwanza. "Mteremshe kwa ukuta wa kushoto."

"Angefunga kamba kwanza," alisema wa pili.

"Gemu hii haina kamba," nikasema.

"Basi hao waliotengeneza hawajui kazi."

Mchukuzi akafa mara ya tatu, ikabidi aanze upya. Broka hakukasirika. Aliwaza. "Fundi, nani alichimba?"

"Hakuna aliyechimba. Limepangwa tu hapo."

"Hapana. Mtu hapotezi jasho lake kuchimba shimo lisilo na kitu. Na moja lingekuwa bahati mbaya. Haya nimeona matano. Humo chini kuna kitu, ndiyo maana wanawaambia mruke."

Wale wawili wakaafiki. Nilijaribu kueleza habari za maboga, hakuna aliyesikiliza. Walimaliza karibu nusu saa wakimuua Mchukuzi kwenye shimo la kwanza, kwa njia tofauti tofauti, na sijawahi kuona watu wakifanya jambo lile kwa umakini namna ile.

Yule mchimbaji wa pili ndiye aliyekumbuka kilichomleta. Akatoa kikaratasi kwenye soksi, akakifungua, kajiwe kakatokea, kadogo kuliko punje ya mtama. Broka akaweka lenzi jichoni. Akaguna. Akapeleka mkono mezani kutafuta kile kipande chake cha chupa, maana pale kabla ya maneno yoyote jiwe hukwaruzwa kwanza kwenye kioo. Lisipokikata kioo mazungumzo yameisha. Kipande hakikuwepo. Mkono ukatafuta, ukatafuta, ukakuta gemu. Kabla sijainuka kwenye kiti nikasikia *kwaruu*.

"Linakata!" broka akasema. "Tazama! Linakata kama wembe!"

Yule mchimbaji akaanza kucheka. Mwenzake akampiga mgongoni, akamwita tajiri.

"Mzee," nikasema, "hiyo ni plastiki."

"Nini?"

"Kioo chake ni plastiki. Hata kucha yangu inakata."

 Yule mchimbaji alibaki na kicheko mdomoni, hajui akiweke wapi. Nilitamani ningenyamaza angalau dakika mbili zaidi, aifaidi furaha yake kidogo. Mke wa broka alitoka ndani na gauni jipya, akazunguka, akauliza, "Mnaonaje?" akakuta wanaume watatu wanaangalia sakafu.

"Mmefiwa?" akauliza.

Broka alileta dawa ya meno, akasugua kioo kwa kitambaa laini, akasugua tena. Mkwaruzo ulififia lakini haukutoka. Ulianzia kona ya juu kulia ukashuka hadi katikati, kama radi iliyosimama angani. Mchukuzi akipita pale unampoteza kidogo, halafu anatokea upande wa pili.

"Fundi," broka alisema wakati naondoka, "kwenye ukaguzi wako, hiyo kasoro iandike ni yangu."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeikumbatia kifuani. Ilikuwa ya Bibi. Sikuwa nimeazimwa ili niitie alama. Kwa mara ya kwanza niliona ushauri wa Tajiri ungekuwa rahisi: nzuri, kifuniko kinabana, kwaheri. Niliiandika kasoro ya broka kwenye karatasi, nikaifuta, nikaiandika tena kwa penseli nzito.

Siku ya tatu nikaingia. Chumba kilikuwa na giza la mchana, mapazia mazito niliyoyashona mwenyewe, na harufu ya dawa ya kuchua. Bibi alikuwa amenipa mgongo. Tajiri alisimama mlangoni ameshika rula ya kupimia kitambaa, sijui alidhani itamsaidia nini.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Soma."

Nikasoma. Nilianza na rangi. Nilipotaja nusu ya njia isiyoonekana akauliza, "Nusu ya kulia au ya kushoto?" Nikamwambia ya kulia, kule tunakokwenda. "Ndiyo mbaya zaidi," akasema. Nilipotaja ngoma akavuta pumzi. Nilipotaja ziwa nikasikia Tajiri mlangoni akisema kitu kwa Kihindi chao, taratibu, kama mtu anayeomba.

Kisha nikaja kwenye mkwaruzo. Ilibidi nieleze yote: gauni, lenzi, shimo. Nilipofika kwa broka kumteremsha Mchukuzi kwa ukuta wa kushoto, mgongo wa Bibi ukatikisika. Nikanyamaza, nikidhani nimemuumiza.

"Endelea," alisema. "Alimteremsha mara ngapi?"

"Sikuhesabu, mayu. Mmoja alisema angefunga kamba."

Mgongo ukatikisika tena. Tajiri aliweka rula chini.

"Ndizo kasoro zote?"

"Ndizo zote."

"Nimesikia. Na uzuri?"

Nikageuza karatasi. "Kuruka ni kule kule."

"Pale juu?"

"Anasita. Vile vile."

 Halafu mkono wake ukashika ukingo wa godoro, na Bibi akaanza kugeuka. Aligeuka kidogo kidogo, akipumua kwa meno, akimkataza mwanawe kwa jicho asisogee, mpaka akawa ameniangalia. Alikuwa amekonda. "Lete," akasema.

Nikawasha, nikampa. Akaitazama. Akaisogeza karibu. Akaisogeza mbali.

"Iwashe."

"Imewaka, mayu." Mbu alikuwa anaimba humo ndani, wote tulimsikia.

"Sioni kitu."

Nikainama kuangalia. Kweli. Kioo cheusi tii. Ndipo nikaelewa, na masikio yangu yakapata moto. Gemu ile haikuwa na taa. Televisheni inawaka yenyewe. Hii inaonekana kwa mwanga wa nje tu, kama kitabu. Na mimi, fundi wa barazani, nisiyefanya kazi yoyote pasipo jua, niliikagua siku tatu nzima wala sikuwahi kuiingiza hata mara moja ndani ya nyumba.

"Hii hukuandika," Bibi alisema.

"Sikuijua."

"Ndiyo kubwa kuliko zote."

"Ndiyo, mayu."

Tajiri alikwishakimbia kuleta tochi. Tukamulika. Kwenye kioo tuliiona tochi vizuri sana, na mkwaruzo wa broka. Nikafungua mapazia. Dirisha lilitazamana na ukuta wa ghala la jirani, mkono mmoja tu katikati, na mwanga uliopita hapo ulikuwa wa kumtosha panya. Nilisimama pale nimeshika pazia. Nilikuwa nimemgeuza mwanamke mzima kutoka ukutani, kwa maumivu yale, nimwoneshe giza.

"Jua liko wapi?" akauliza Bibi.

"Uani," nikasema. "Asubuhi linaingia mpaka kwenye korido, halafu linarudi nje, mpaka kwenye pipa la maji."

"Hatua ngapi mpaka korido?"

"Mama, tutakubeba," Tajiri akasema. "Sasa hivi. Mimi na fundi."

"Linalobebwa ni jora," akasema Bibi. "Nimekuuliza hatua ngapi."

Hakuna aliyejua. Tajiri ilibidi azipime. Alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, hadi kwenye korido, mtu mzima mwenye mvi, akihesabu kwa sauti, akarudi akasema kumi na moja. Bibi akamwambia hatua zake ni ndefu, arudie kwa hatua za mtu aliyevunjika. Akarudia. Ishirini na sita.

"Nitoleeni hizo taulo kwenye hicho chuma," akasema Bibi.

Siku hiyo hakutembea. Alikaa tu ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, jasho linamtoka, akitukana kwa lugha tatu. Kesho yake alisimama. Siku iliyofuata alifika mlangoni, akarudi. Sikumbuki ilikuwa ya ngapi alipofika kwenye korido, lakini nakumbuka jua lilikuwa limeingia chini ya mlango wa uani, ukanda mwembamba kama pindo la kanga. Tukaweka kiti juu yake. Akawasha gemu, akamkimbiza Mchukuzi, akafa kwa nungunungu.

"Nilidhani boga," alisema.

"Niliandika," nikasema.

Alikuwa anaanza kulizoea shimo la kwanza jua liliposogea. Ukanda ukahama kwenye mapaja yake ukaenda hatua mbili mbele. Aliutazama kwa chuki. "Nishikeni," akasema. Tukamshika, akasimama, akasogea hatua mbili, kiti kikamfuata nyuma, akakaa. Baada ya muda jua likasogea tena. Kufika saa tano, Bibi alikuwa amelifuata mpaka kizingitini, na pale lilipopita nje akasimama kidogo na chuma chake akiliangalia, kama mtu aliyeachwa na basi.

Daktari alipokuja aliuliza tunampa dawa gani. Tajiri akamwambia betri.

Wiki zikapita. Nilikuwa na sare za shule za kushona, muhula unakaribia kufunguliwa, na ndani nilikuwa siingii tena kila mchana. Asubuhi moja, kanyagio linakwenda, mkono wa shati uko chini ya sindano, nikasikia chuma kinagonga saruji. *Tok.* Kimya. *Tok.* Kilitoka chumba cha nyuma, kikapita kwenye korido, kikaingia dukani. Mteja aliyekuwa anachagua kitenge akasogea pembeni. Tajiri alikuwa ameshika mkasi juu ya kitambaa, na mkasi ukabaki wazi pale pale. *Tok.* Bibi akatokea barazani, sari ya kijani, gemu imefungwa kiunoni kwa upindo, peke yake.

"Wewe," akasema.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Umenidanganya."

"Nini tena?"

"Njia ya tano. Kunguru. Kwenye televisheni walikuja wawili. Humu wanakuja watatu, na wa tatu anatokea nyuma, hana adabu. Nimekufa siku mbili kwa ajili yake. Kwenye karatasi yako umemwandika wapi? Umekaa na gemu siku tatu, ukaipeleka mpaka Maganzo watu wakaiwekea radi, kunguru mzima hukumwona? Mkaguzi gani wewe? Ungekuwa unaniuzia kitambaa…"

Aliendelea. Mimi nilimsikia mpaka kwa kunguru wa tatu. Baada ya hapo nilikuwa naangalia miguu yake, miwili yote, kwenye saruji ya barazani, ndani ya ndala za bluu, imekanyaga sawasawa.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mayu."

"Nimesema nini?"

"Kunguru."

"Kunguru nilimaliza zamani. Nimesema sogeza hicho kiti. Toka jikoni nimesimama."

Nikainuka kukitafuta. Tajiri alikuwa ameshakileta.